Bonyeza, hesabu moja, ndipo uongee
Maswali ya wasomaji kuhusu simu za upepo, na majibu ya Mama Redio wa Ngamiani, Tanga

Barua za mwezi huu zimejaa simu za upepo. Wengine mnaziita redio koli, wengine woki-toki, na yupo aliyeandika "ile redio ya walinzi". Zote ni hiyohiyo: redio ya mkononi, unabonyeza unaongea, unaachia unasikia. Mimi niliishika kwa mara ya kwanza mwaka 1994 kule Ngara, nikiwa binti, na tangu hapo sijaiacha. Sasa ninazitengeneza kibandani kwangu.

Karibu kila mwandishi amesema redio yake ni mbovu. Nimezisoma barua hizo mara mbili. Nionavyo mimi, redio mbovu ni moja tu, nayo ni mali ya mwenyekiti wa doria nitakayemjibu huko chini. Nyingine ni nzima kabisa. Shida ni kwamba hakuna aliyetulia akaisikiliza redio inamwambia nini.

*

"Assalaam aleikum Bi Fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi, Kilwa Masoko. Nilinunua redio za mkononi za kawaida, mbili, za wati tano. Moja anabaki nayo mdogo wangu pwani, nyingine naingia nayo baharini. Tukishakipita kisiwa cha Songo Mnara simpati tena. Muuzaji anasema nichukue ya wati kumi. Nitoe hela?"

Waaleikum salaam nahodha. Usitoe hela.

Mawimbi ya redio hizi hayajui kupinda kona. Yanakwenda karibu kama jicho linavyoona, na bahari, kama ujuavyo wewe kuliko mimi, ina mgongo. Chombo kikienda mbali kinazama machoni, kwanza mwili kisha tanga. Redio nayo inazama hivyohivyo. Ipo hesabu ya kujua inazama wapi: chukua urefu wa antena kutoka kwenye maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa nne. Unapata kilomita. Wewe umekaa kwenye boti, antena iko mdomoni, tuseme mita moja na nusu juu ya maji. Kipeuo chake ni kama moja na robo, mara nne ni kilomita tano. Mdogo wako amesimama ufukweni, naye ana tano zake. Jumla kumi, tena bahari ikiwa imelala na katikati hakuna kitu. Ukitia kisiwa chenye miti katikati, hata hizo kumi huzipati.

Wati kumi hazitabadilisha mgongo wa bahari. Kinachobadilisha ni urefu. Mwambie mdogo wako aunganishe mianzi miwili apate mlingoti wa mita tisa, afunge antena ya nje juu yake, ateremshe waya hadi kwenye redio. Kipeuo cha tisa ni tatu, mara nne ni kumi na mbili. Ongeza tano zako: kilomita kumi na saba. Akipata mahali pa mita 25 juu ya maji, mnafika 25. Waya wa antena uwe ule mnene wa redio, wa omu 50, si wa televisheni, na usiwe mrefu kuliko inavyohitajika, kwa sababu kila mita inakula nguvu. Maungio ya juu yafungwe kwa utepe wa mpira, maji ya mvua yasiingie.

Lakini nahodha, kuna jambo linalonikosesha raha zaidi kuliko umbali. Umeandika kwamba ni "redio za mkononi za kawaida". Geuza nyuma, toa betri, soma karatasi iliyobandikwa. Redio ya bahari ina chaneli zenye namba zinazojulikana dunia nzima, na ina kitufe chake maalumu cha 16. Chaneli 16 ni megahezi 156.8, ni ya kuitana na ya kuomba msaada, na meli kubwa zinazopita kati ya Mtwara na Dar es Salaam zinatakiwa kuisikiliza zikiwa safarini. Redio yako ya kawaida inasikilizwa na mtu mmoja tu, mdogo wako. Siku mashine imezima na yeye amesinzia, nani atakusikia? Ukiwa na pesa ya ile redio ya wati kumi, nunua ya bahari ya wati tano, ile inayoelea ikianguka majini, na ulizia kibali chake TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla hujaitumia. Ukishampata mtu kwenye 16, hamieni chaneli ya chombo kwa chombo, kama 6 au 72, mkapige soga huko. 16 iachwe wazi.

Siku ya shida yenyewe, Mungu aiweke mbali, sema "Mayday" mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali ulipo, kilichokupata, na mko watu wangapi. Mahali ulipo ndiyo kwanza, kama betri inakata. Simu yako ya mkononi ina ramani inayoonyesha namba za latitudo na longitudo hata pasipo mtandao. Jifunze kuzisoma leo ukiwa nchi kavu.

Na chumvi. Juzi mvuvi mmoja wa hapa Tanga aliniletea redio iliyokuwa ikiwaka na kuzima yenyewe. Nilipotoa betri nikakuta zile sahani ndogo za shaba zimeota unga wa kijani, laini kama poda. Harufu yake ni ya sarafu iliyokaa mfukoni mwenye jasho. Nilizisugua kwa raba ya kufutia penseli mpaka shaba ikang'aa, nikapangusa kwa spiriti safi na mswaki laini, nikaangalia ule mpira mwembamba wa kuzuia maji unaozunguka kifuniko. Palikuwa na chembe moja ya mchanga, ndogo kuliko punje ya ulezi. Ndiyo iliyoacha mlango wazi. Redio ya bahari ukirudi nayo isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, betri ikiwa ndani na vifuniko vimebanwa, ipanguse, ikaukie kivulini. Usiianike juu ya bati la moto. Gundi ya kioo italegea na ule mpira utakakamaa.

*

"Shikamoo mama. Mimi ni mwongozaji wa watalii, Marangu. Redio yangu inakaa na chaji siku tatu nikiwa chini, lakini usiku wa kupanda kileleni kutoka kambi ya Kibo inakufa saa mbili tu baada ya kuanza. Betri ni mpya. Nimeuziwa feki?"

Marahaba mwanangu. Betri yako haina neno, inasikia baridi tu. Betri ya lithiamu ikipigwa na baridi ya chini ya sifuri, kemikali zake zinakuwa nzito, umeme uliomo hautoki. Ukirudi nayo chini ikapata joto, utashangaa kuona vijiti vya chaji vimerudi. Kwa hiyo usiivae mkandani juu ya koti. Ivae ndani, karibu na kifua, utoe nje kipaza sauti chenye waya peke yake. Betri ya akiba ilale nawe kwenye mfuko wa kulalia.

Halafu angalia unavyoitumia. Kuongea kwa wati tano kunakula umeme zaidi ya mara kumi ya kusubiri kimya. Mwenzako yuko Kibo na wewe unaelekea Gilman's Point, mnaonana kwa taa! Weka nguvu ya chini, wati moja inatosha kabisa, na uwashe kile kipengele cha kuokoa betri kwenye menyu. Ukiingia nyuma ya mwamba ndipo upandishe nguvu.

Jambo moja ambalo vijana wengi wa mlimani hawaambiwi: usiichaji betri ya lithiamu ikiwa bado imeganda. Nimesikia mnachaji kwa vibao vya sola huko kambini alfajiri. Ikichajiwa chini ya sifuri inaumia ndani kimyakimya, haitarudi kuwa ilivyokuwa, na inaweza kuwa hatari. Ipashe moto kwanza mwilini, nusu saa, ndipo uichomeke.

*

"Hujambo dada fundi. Ninasimamia walinzi wa mtaa mmoja Nyali, Mombasa. Tuna redio nane. Sita za zamani zinasikizana vizuri. Mbili mpya tumezinunua, fundi akaziwekea masafa yaleyale, lakini hazisikii zile sita. Zile sita zinazisikia hizi mbili. Ni kama hizi mbili zina kiburi."

Sijambo kaka. Umeniandikia dalili yenyewe, umenirahisishia kazi. Kama zile sita zinazisikia hizi mbili, masafa ni sawa. Chukua redio moja mpya, mpe mwenzako ya zamani aende hatua ishirini, aongee. Wewe usisikilize kwanza, tazama taa juu ya redio. Taa ya kijani ikiwaka lakini spika ikakaa kimya, basi mawimbi yanafika vizuri ila redio imekataa kuyafungulia mlango. Sasa bonyeza kile kitufe cha pembeni kinachofungua skwelchi, yaani kile kizuizi kinachonyamazisha mvumo pasipo mtu anayeongea. Ukimsikia mwenzako, umemaliza uchunguzi. Tatizo ni toni.

Toni ni mvumo mdogo sana, kati ya hezi 67 na 254, ambao redio inauchanganya chini ya sauti yako. Wewe huusikii, lakini redio ya upande wa pili imeambiwa isifungue spika mpaka iusikie. Ni kama kubisha hodi kwa namna fulani. Zile mbili mpya zimewekewa zisubiri hodi ambayo zile sita hazibishi, au zinabisha ya namna nyingine. Rudi kwa fundi umwambie asome toni ya kutuma na toni ya kupokea kwenye redio moja ya zamani, aziandike zote mbili hivyohivyo kwenye mpya. Ni vipengele viwili tofauti kwenye menyu, na mafundi wengi wanajaza kimoja wanasahau cha pili.

Akishamaliza, sikiliza sauti. Kama redio mpya zinasikika chini sana, au za zamani zinakwaruza kwenye mpya, upana wa chaneli haulingani: moja iko kilohezi 12.5, nyingine 25. Zote ziwe mamoja.

Usidhani toni ni siri, kaka. Mtu yeyote mwenye redio isiyowekewa toni anawasikia mkisema nyumba gani mwenyewe amesafiri. Msitaje namba za nyumba wala majina. Tena mkague kama masafa hayo mmepewa ninyi kwa kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Fundi "kuwawekea masafa" haitoshi. Huenda amewapa ya mtu mwingine, na huyo mwingine akawa anaendesha winchi bandarini huku akisikia walinzi wako wanaagizana chai.

*

"Fundi, ni kweli redio ikibonyezwa bila antena inaungua?"

Ni kweli. Nguvu iliyotakiwa kutoka haina pa kutokea, inarudi ndani kwenye transista ya mwisho na kuipasha moto. Pengine itavumilia mara moja. Usijaribu mara ya pili. Na antena isiwe mpini wa kubebea redio. Kila wiki napokea antena zilizokatikia shingoni kwa kubebwa kama kuku.

*

"Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya kisiwani, Ukerewe. Tuna boti ya kuvusha wagonjwa kwenda Nansio na redio tatu: moja zahanati, moja kwenye boti, moja kwa dereva wa gari upande wa pili. Redio ni nzuri. Shida ni sisi. Tukiwa na mama mwenye uchungu kila mtu anaongea, tunakanyagana, tunarudiarudia, namba tunazisikia vibaya. Tufanyeje?"

Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Barua yako nimeiweka juu ya meza wiki nzima. Nitakujibu kwa urefu, wengine mnisamehe.

Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya kama siku moja. Kambi ya Benaco ikaota kwenye nyasi. Mimi niliajiriwa na shirika moja la misaada kukaa ndani ya hema na redio, kazi yangu kujua kila lori liko wapi. Nilikuwa sijawahi kushika redio. Mzee aliyenifundisha hakunipa redio siku ya kwanza. Alinipa daftari na penseli, akaniambia sikiliza kutwa, andika kila unachosikia. Jioni akasoma daftari langu akanionyesha kwa kidole: hapa wawili waliongea pamoja, hapa huyu alianza kuongea kabla redio haijafunguka, hapa neno la kwanza halipo. Mistari ilijaa maneno yasiyo na vichwa. "Ri limekwama." "Gonjwa wawili." "Sipite njia ya chini." Hebu tazama hilo la mwisho, mwanangu. Alisema "msipite", "tusipite" au "asipite"? Hatukujua.

Redio inachukua muda mdogo kuamka baada ya kubonyezwa, na ile ya upande wa pili inachukua muda mdogo kufungua spika. Ukiongea papo hapo, silabi ya kwanza inabaki mkononi mwako. Na Kiswahili chetu kimeweka uzito wote mwanzoni mwa neno! Nani anatenda, anakubali au anakataa, jana au kesho, vyote viko kwenye silabi mbili za kwanza. Kwa hiyo fundisha timu yako hivi: bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo uongee. Ukimaliza, maliza neno kabisa ndipo uachie kidole. Redio iwe kama upana wa kiganja kutoka mdomoni, usiimeze, na ukiwa kwenye boti geuzia upepo mgongo.

Kuitana: taja kwanza unayemwita, kisha jina lako. "Zahanati, Zahanati, hapa Boti, ova." Anayeitwa akisikia jina lake mwanzoni anaamka, ukianza na lako yeye bado anafunga dawa. Halafu usimwage habari mpaka akujibu. Mmoja awe mwenye chaneli, mimi nashauri awe zahanati, na akisema "Wote kimya, Boti endelea," basi hata dereva mwenye swali la mafuta ananyamaza.

Namba ndizo zilizotutesa kuliko chochote. Kwenye makwaruzo, "nne" na "nane" ni mapacha. "Sita" na "tisa" vilevile, irabu zao ni zilezile. Tulipeleka magunia manne mahali palipoitishwa manane. Tukaanza kuhesabu kwa kupanda: badala ya kusema nne unasema "tatu-nne", badala ya nane unasema "saba-nane", "tano-sita", "nane-tisa". Sikio likikosa moja linashika nyingine. Namba ndefu zitaje tarakimu mojamoja, na anayepokea azirudie zote. Presha ya mama ni moja-nne-sifuri kwa tisa-sifuri, sio "mia na arobaini kwa tisini". Asiyerudia hajapokea.

Na saa! Wageni walikuwa wakisikia "saa nne" wanaandika saa nne ya kwao, ambayo kwetu ni saa kumi. Lori la maji lilingojewa nusu siku. Nyinyi pengine hamna wageni, lakini daktari wa Nansio anaweza kuwa anaandika kwa saa za kompyuta. Semeni "saa nne asubuhi", neno la mwisho lisiachwe.

Sasa nikueleze la kidole. Siku moja dereva alitupa redio kwenye kiti, ikateleza ikakwama kati ya kiti na dumu la maji, kitufe kikabonyezeka. Chaneli nzima ikafungwa. Kwa dakika arobaini hema zima tulisikia injini ya lori lake na yeye akiimba, sauti nzuri kweli, na hakuna aliyeweza kumwambia, kwa sababu redio inayotuma haisikii. Nyuma yake kulikuwa na gari lenye mtoto anayeharisha damu, limeharibika, linaita. Tulijua baadaye tu, jioni, muuguzi aliporudi amebeba redio yake mkononi akaiweka mezani mbele yangu bila kusema neno. Mtoto alifikishwa kwa gari jingine lililopita kwa bahati. Mimi bado ninaisikia ile sauti ya injini.

Kwenye redio zenu kipo kipengele cha kikomo cha muda wa kuongea, nyingi kimeandikwa TOT kwenye menyu. Kiweke sekunde 60. Kitufe kikikwama, redio inakata yenyewe baada ya dakika moja. Weka leo, kwenye zote tatu. Kisha kila asubuhi saa moja na nusu zahanati iite boti na gari, kila mmoja ajibu anavyosikia: vizuri, kwa makwaruzo, au kwa shida. Andikeni daftarini. Siku gari likiacha kujibu mtajua kabla mama hajaanza uchungu.

*

"Mheshimiwa fundi, mimi ni mwenyekiti wa doria ya msitu wa kijiji, Muheza. Redio zetu tuliziweka stoo miezi saba zikiwa zimejaa chaji ili ziwe tayari. Sasa moja haiwaki na betri yake imetuna kidogo. Nyingine zinakaa nusu saa tu."

Mwenyekiti, hiyo iliyotuna ndiyo ile redio mbovu niliyoitaja mwanzo. Usiichaji, usiitoboe, usiikandamize irudi. Itoe nje ya nyumba, iweke kwenye kopo lenye mchanga mbali na vitu vya kuungua, na uniletee mimi au fundi wa karibu. Betri za lithiamu zinazeeka haraka zikihifadhiwa zimejaa, hasa stoo ikiwa na bati juu. Zikikaa muda mrefu ziwe nusu, zitolewe kwenye redio kwa sababu redio hata ikizimwa inaweza kunyonya kidogo, ziwekwe mahali pa baridi, na kila miezi mitatu muzitazame. Betri ya volti 7.4 ikijaa inasoma 8.4 kwenye mita. Ukiikuta karibu 7.6 ipo vizuri kwa kulala. Nunua betri mpya za hizo nyingine, redio zenyewe ni salama.

*

"Shikamoo bibi. Nipo kidato cha tatu, Iringa. Mjomba amenipa redio ya mkononi, ina VHF na UHF, ina kibodi ya namba. Sina mtu wa kuongea naye. Naweza kufanya nini nayo?"

Marahaba mjukuu wangu. Umenikumbusha lile daftari.

Kwanza usibonyeze kitufe cha kuongelea. Kuongea kunahitaji leseni, na ipo ya watu wanaoipenda redio kwa ajili ya redio yenyewe. Tanzania vitambulisho vyao vinaanza na 5H. Waulizie TCRA ukifika umri na uwe umejifunza. Kwa sasa una masikio.

Kituo cha anga cha kimataifa kinapita juu yetu kikiwa kama kilomita 400, na wanaanga wakizungumza na wanafunzi wa shule mbalimbali sauti yao inateremka kwenye megahezi 145.800, FM ya kawaida, ileile ya redio yako. Kwenye 145.825 mara nyingi kuna kompyuta zikitumiana habari, unasikia chirichiri fupi kama panzi. Saa za kupita Iringa zinapatikana kwenye programu za simu za kufuatilia setilaiti. Kinakwenda kasi, kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kikija masafa yanapanda kidogo na kikiondoka yanashuka: anza 145.805, kikiwa juu ya kichwa rudi 145.800, malizia 145.795. Una kama dakika kumi.

Ile antena fupi ya mpira haitoshi sana. Tengeneza yako. Gawa 300 kwa megahezi 145.8, unapata urefu wa wimbi, mita mbili na kidogo. Robo yake ni sentimita 51. Waya halisi ni mfupi kidogo kuliko hesabu, kama sentimita 49. Chukua waya wa shaba wa umeme wa nyumba, kata vipande viwili vya 52, vifunge kwenye kipande cha ubao vikitazamana kwa ncha, kimoja ulehemu kwenye uti wa waya wa redio, kingine kwenye nyavu yake. Halafu punguza kidogokidogo kila upande mpaka 49.

Chagua jioni ambayo kinapita juu sana, si pembeni mwa milima. Nenda uwanja wa mpira wa shule, mbali na nyaya za umeme. Fungua skwelchi uache ule mvumo, laza ubao kidogo, uuzungushe polepole mpaka mvumo ubadilike. Uwe na daftari na penseli. Andika saa, andika ulichosikia hata kama ni neno nusu, kisha unitumie ukurasa huo nami nitauchapa hapa.